Mashine ya kuchimba sarafu za kidijitali inanuka plastiki: izime kwanza

Ndugu, umesema mashine yako ya kadi sita za grafiki inanuka plastiki usiku na plagi ya ekstensheni imegeuka kahawia. Izime leo, usisubiri wikendi.

Anza na raiza, kile kibao kidogo kinachounganisha kadi na ubao mkuu wa kompyuta. Kadi inaweza kuvuta hadi wati 75 kupitia hapo, ilhali kiunganishi cha SATA (kile cha kupeleka umeme kwenye diski, ambacho wengi hukichomeka kwenye raiza) kinabeba wati 54 tu kwenye volti 12. Ndicho huyeyuka kwanza. Tumia waya wa pini sita kutoka pawa saplai yenyewe. Zile adapta za kugeuza SATA kuwa pini sita ziache dukani, hatari ni ileile.

Ekstensheni itupe. Mzigo wa saa 24 si sawa na pasi ya dakika kumi: wati 1,400 kwenye volti 230 ni kama ampea 6, na nyaya nyembamba za bei poa hupata moto, hasa zikiviringishwa. Chomeka ukutani. Soketi nayo ikiwa imebabuka, ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania), na usiweke fyuzi kubwa zaidi.

Mashine isikae karibu na pazia. Moto ukiwaka, kata umeme kwenye meni swichi kama inafikika, usimwage maji, toka na familia, piga zimamoto 114.