Liberali, progresivu na maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii maswali ya siasa za Marekani yamekuwa mengi mno, nimechukua yanayohusu haya majina mawili maana naona watu wanatukanana nayo tu, hata hawaulizi yanamaanisha nini.

Swali: Hivi liberali na progresivu si kitu kimoja? Nasikia wote ni Wademokrat, yaani watu wa chama cha Democrat.

Hapana, ila wanakaa nyumba moja, ndo maana unawachanganya. Chukua bima ya afya. Mwaka 2010 Obama alisaini ile sheria watu wakaiita Obamacare, ikayakataza makampuni ya bima kumkataa mtu kisa tu alishaugua kabla, ikatoa ruzuku kwa wenye kipato kidogo wanunue bima, lakini makampuni yenyewe yakabaki palepale na biashara ikaendelea. Hivyo ndivyo liberali wa Marekani anavyofanya kazi, soko analiacha lipumue, serikali iliwekee mipaka na imnyanyue aliyeanguka. Sasa njoo kwa seneta Bernie Sanders, 2017 alipeleka Seneti muswada wa bima moja ya serikali kwa kila mtu, na kampuni binafsi zisiuze tena bima ya huduma zilezile. Yeye haulizi mgonjwa atapata wapi hela ya kuilipa kampuni, anauliza hiyo kampuni inafanya nini katikati ya mgonjwa na daktari.

Mpaka wao uko hapo. Liberali anaanzia kwenye haki ya mtu mmoja mmoja, aseme anachotaka, aabudu anavyotaka, akikamatwa ashtakiwe kwa sheria. Progresivu hayo yote anayakubali, alafu anauliza nani kashika hela na hela hiyo inanunua wabunge wangapi. Mstari wenyewe haujanyooka lakini, seneta Elizabeth Warren anahesabiwa progresivu na bado anasema wazi anaamini ubepari, anachotaka ni makampuni makubwa yavunjwe vipande ili ushindani urudi. Kwahiyo ukisikia jina usikimbilie kuhukumu, uliza huyu mtu alipigia kura nini.

Swali: Je, ni kweli liberali maana yake ni mtu wa ushoga na kukosa maadili?

Hili nimeshaulizwa mara nyingi sana na nimeshajibu, jamani someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika. Hapana. Uliberali umeanza Ulaya karne nyingi kabla ya huo mjadala, watu walikuwa wanachinjana kwa ajili ya madhehebu, ndo wakatokea waliosema mfalme asiingie kwenye dhamiri ya mtu. Mnaonitumia swali hili wengi ni watu wa dini, basi angalieni jiji la Minneapolis, Marekani, 2023 baraza la jiji lilibadilisha sheria ya kelele ili adhana isikike kwa spika nyakati zote tano, alfajiri ikiwemo. Waislamu kule ni wachache, na kinachomlinda mchache ni kanuni hiyohiyo mnayoitukana. Unaweza kuwapinga waliberali kwenye jambo moja au kumi, ni haki yako, ila usilibebe neno zima kama tusi eti kwasababu mchambuzi wa televisheni ya Marekani analitumia hivyo. Yule analipwa kuwatukana washindani wake, wewe hakulipi mtu.

Swali: Kwanini Hillary Clinton hakutaka kuitwa liberali?

Kwasababu neno lilikuwa limeshachafuliwa. Rais Roosevelt wa pili, yule Franklin, alilichukua miaka ya 1930 akalipa maana ya serikali inayojali, pensheni za wazee zikaja 1935, na Hoover, rais wa kabla yake aliyeshindwa naye, akabaki kulalamika kwamba liberali wa kweli ni yeye. Rais Johnson akaja na sheria ya haki za kiraia 1964 na Medicare, bima ya afya ya wazee, 1965. Waliberali walikuwa wanatembea kifua mbele. Alafu ikaja vita ya Vietnam, kodi, uhalifu mijini, Rais Reagan wa Republican akalipiga neno miaka yote, na 1988 Bush baba akamwandama nalo Dukakis, mgombea wa Democrat, mpaka Bush akashinda majimbo 40. Baada ya hapo wanasiasa wakaanza kulikimbia. Julai 2007 kwenye mdahalo Clinton akaulizwa kama yeye ni liberali, akajibu zamani neno lilimaanisha uhuru ila limegeuzwa, yeye anapendelea progresivu. Mimi naona lilikuwa kosa kubwa. Ukiliacha jina lako kwa sababu adui amelitemea mate, kesho atalitemea na hilo jipya, na ndo kilichotokea, leo progresivu nalo linatamkwa kwa kebehi vilevile.

Swali: Maprogresivu wa kwanza walikuwa Wademokrat?

Siyo peke yao. Theodore Roosevelt, yule Roosevelt wa kwanza, alikuwa Mrepublikan, na 1912 alipojitenga akagombea kwa chama cha Progressive alimzidi kura rais aliyekuwa madarakani, Taft, japo ushindi akaubeba Wilson wa Democrat. Seneta La Follette naye, aliyechukua jimbo la Wisconsin 1924 kwa tiketi ya progresivu, alitokea Republican.

Na hapa nawaonya mnaodhani progresivu ni jina la malaika. Enzi hizo walileta sheria ya usafi wa chakula na dawa 1906, wakapigania maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe. Ni hao hao, wengi wao, walioamini wataalamu wana haki ya kuamua nani azae na nani asizae. 1927 Mahakama ya Juu ilikubali Virginia imfunge kizazi binti anaitwa Carrie Buck kwa madai kwamba ana akili pungufu. Wilson naye, na sifa zake zote za mageuzi, serikali yake iliwatenga weusi na weupe maofisini. Kosa lao lilikuwa kuamini maendeleo ya wengi yanaweza kumruka mtu mmoja mnyonge bila kumuuliza, na hapo ndo progresivu yeyote anamhitaji liberali jirani.

Swali: Uliberali mamboleo tunaoulaumu kwetu ndo huohuo wa kina Obama?

Asante, hili nililisubiri. Kwetu Tanzania neno liberali halikuingia kwa Roosevelt, liliingia kwa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. 1986 tukasaini makubaliano nao, mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, miaka ya tisini mgonjwa akaanza kuchangia gharama hospitali ambayo wazazi wake walitibiwa bure. Huo ndo uliberali mamboleo, uhuru wa mtaji, na vinara wake walikuwa Thatcher wa Uingereza na Reagan. Reagan huyohuyo aliyewasaga waliberali kwao! Neno moja, Marekani ni mtu anayetaka serikali imsaidie mgonjwa, huku ni mtu anayetaka mgonjwa alipe. Alafu mtafsiri asiyejali anachukua habari ya Washington anaandika "waliberali", msomaji wa Singida anadhani ni wale waliouza viwanda.

Ila Wademokrat nao hawajitoi hapo. Bill Clinton alisaini NAFTA, mkataba wa biashara huria na Kanada na Mexico, na 1996 akakata misaada ya familia maskini. Hasira ya maprogresivu wa leo imetoka hapo, wanaona waliberali wao walihama nyumba kimyakimya wakaenda kukaa na mabenki.

Swali: Mamdani wa New York, yupi kati ya hao?

Progresivu, na mwenyewe anajiita msoshalisti wa kidemokrasia. Kazaliwa Kampala 1991, akashinda umeya Novemba 2025 kwa ahadi za kuzuia kodi za pango zisipande, mabasi ya bure na malezi ya watoto ya bure. Zote zinagusa gharama za kuishi. Mnaomshangilia kwa sababu tu ni mtoto wa Kampala, mfuatilieni kwenye bajeti pia.

Swali: Kwenye insha yangu naweza kutafsiri progresivu kuwa "mpenda maendeleo"?

Usifanye hivyo. Huku kwetu hata mwenyekiti wa kijiji anayechangisha matofali ya darasa ni mpenda maendeleo, na hana habari na Sanders. Norway kuna Chama cha Maendeleo, na ni chama cha mrengo wa kulia kinachotaka kodi zishuke na wahamiaji wapungue. Andika progresivu, kisha sentensi moja kueleza ni wa nchi gani na anataka nini.

Swali: Nahamia Perth, Australia, mimi ni mtu wa kushoto, nijiunge na chama cha Liberal?

Hicho ni chama cha wahafidhina tangu mwanasiasa Menzies alipokianzisha 1944. Anza na Labor, chama cha wafanyakazi.