Kobe wa shambani, kinyonga wa mgeni

Mvua zimenyesha, kobe wametoka, na barua zenu zimetoka nao. Tuanze.

*Nimeokota kobe shambani kwangu Gongoni, ana madoa kama chui. Watoto wamempenda, wanamlisha sukuma wiki. Je, nina kosa? (Baba wa wanne, Gongoni)*

Unalo. Swali hili nalijibu kila masika na kila masika linarudi. Mnyama wa mwituni hawi wako kwa kuwa ameingia uani mwako. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haijali kama ulimnunua au ulimwokota, inataka kuona kibali. Kama ni mzima, mrudishe leo hii pale pale ulipomtoa. Usimbebe kwenye gari ukamtupe msitu wa mbali kwa kumwonea huruma, huko hajui maji wala malisho. Kama ana jeraha, wapigie KWS, Shirika la Wanyamapori, wewe kabla jirani hajakupigia. Na hao wanne wanawe mikono kwa sabuni. Kobe hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, bila yeye mwenyewe kuugua. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba la chini ya inchi 4 tangu 1975, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni.

*Mjusi kafiri wa ukutani naye yumo kwenye sheria hizo? (Mkomani)*

Hakuna atakayekujia kwa ajili yake. Mwache ale mbu.

*Mgeni mmoja hapa Watamu ameniahidi pesa nzuri nimtafutie vinyonga wachache. Asema kwao wanauzwa dukani, ni halali kabisa. Mimi ni kijana wa boda, hali ni ngumu. Kuna ubaya gani? (Watamu)*

Mgeni wako amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo hatari. Marekani wana Sheria ya Lacey, ya tangu 1900, ambayo siku hizi humshika hata anayeingiza mnyama aliyechukuliwa kinyume cha sheria za nchi alikotoka. Umoja wa Ulaya hauna sheria ya namna hiyo. Mjusi aliyeibwa kwetu, mradi hayumo kwenye orodha za CITES, mkataba wa mataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe wa mwituni, akishafika maonyesho ya watambaao ya Hamm kule Ujerumani anakuwa bidhaa kama bidhaa nyingine, na aliyemnunua analala usingizi. Hili limenikera miaka mingi na litaendelea kunikera.

Lakini vinyonga wetu wamo katika Orodha ya Pili ya CITES, kwa hiyo hata huko kwao lazima awe na karatasi zilizotolewa Kenya. Angekuwa nazo, asingekuja kukutafuta wewe stendi.

Sasa sikiliza upande wako. Mwaka 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Naivasha na sisimizi wapatao 5,000 kwenye mirija. Sisimizi, narudia! Mahakama iliwatoza shilingi milioni 1 kila mmoja au miezi 12 jela. Siku hiyo hiyo Mkenya mmoja, katika kesi nyingine ya sisimizi, alipigwa milioni ile ile. Mgeni huchangiwa na wazazi wake, akalipa, akapanda ndege. Wewe piga hesabu milioni 1 ni pikipiki ngapi. Na kama mnyama mwenyewe ni wa walio hatarini kutoweka, utazungumziwa miaka, si miezi.

Hata tukiiweka sheria kando, wanyama hawa hufa njiani, ndani ya soksi na makopo. Na wanaofika nao huleta balaa. Mwaka 1972 mwenye duka mmoja huko Hawaii alipelekewa vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya, wakafika wamedhoofika, akawaachia bustanini wapate nguvu. Walipata. Wamezaana visiwani na mpaka leo wanakula konokono wa asili ya huko, ambao nao wanatoweka.

*Mbona Gede wanauza vipepeo ng'ambo na hawashikwi? Au sheria ni ya wengine? (Kijana, Malindi)*

Mradi wa Kipepeo ulianza 1993, una kibali, na wanaozalisha ni wenyeji wa kando ya Arabuko-Sokoke, wanaouza pupa, yaani vipepeo ambao bado wamo ndani ya gamba, walizofuga wenyewe. Kipepeo hutaga kwa wingi na kizazi kimoja ni suala la wiki. Kobe huchukua miaka kukomaa. Msitu ukikatwa mradi nao umekwisha, kwa hiyo wafugaji wana sababu ya kuulinda. Ukitaka kufuga kihalali, kaombe kibali.

*Binti yangu yuko Ujerumani, ataka kununua mjusi mdogo wa buluu wa Tanzania. Muuzaji asema amezaliwa nyumbani kwake. (Mama, Langoni)*

Mama, kisheria yawezekana, kama muuzaji ana hati. Mjusi huyo porini hupatikana misitu michache ya Morogoro tu, Kimboza hasa, na huishi juu ya mkadi wa mwituni, ndugu wa huu tunaoutia kwenye vikuba. Kati ya 2004 na 2009 watafiti walikadiria kwamba kundi moja tu la wakamataji lilitoa zaidi ya 30,000, na ili kuwafikia walikuwa wakiangusha miti yenyewe. Tangu 2017 yumo Orodha ya Kwanza ya CITES, ile kali isiyoruhusu biashara ya waliokamatwa porini. Basi binti amuulize muuzaji: wazazi wa huyu walitoka wapi, na babu zake? Akianza kubabaika, aondoke. Na akinyoosha jibu, mimi bado nisingenunua.

Swali hilo hilo liulizwe kwa kobe wa miamba wa Ukambani, yule bapa anayejibana kwenye nyufa. Hutaga yai moja kwa mkupuo, naye alipandishwa Orodha ya Kwanza 2019. Mtu akikuonyesha mamia wa umri mmoja akasema kawazalisha mwenyewe, usimwamini.

*Mjomba wangu huweka vitoto vya kasa ndooni Shela, wageni wapige picha, kisha awarudisha baharini. Si huduma ya utalii hiyo? (Lamu)*

Si huduma. Kitoto cha kasa hutoka mchangani na akiba ya nguvu ya kukifikisha bahari kuu, na mjomba anaimaliza ndooni. Kasa wote wa baharini wako Orodha ya Kwanza, na kitana cha ng'amba, gamba la kasa, cha nyanya yako nacho usimuuzie mgeni. Kwa wale ambao bado wanamla kwa siri: Machi 2024 nyama ya kasa iliua watu 9 Pemba, 8 kati yao watoto.

*Haller Park wana kobe mkubwa, Mzee. Kwa nini mimi nikatazwe? (Barani)*

Mzee ni wa asili ya Aldabra, Shelisheli, na yuko kwenye hifadhi. Wewe una chumba na veranda.

*Jirani yangu anafuga chatu kwenye pipa. Nikimripoti nitaitwa msaliti? (Maweni)*

Utaitwa. Ripoti. Na usilifunue hilo pipa kuhakikisha, waache KWS wafunue wenyewe.