Jibu: Mkopo wa nyumba Iyumbu, benki ya 15% au ya 16%?

Ndugu yangu, umeuliza kama uchukue benki ya 15% badala ya ile ya 16% kwa nyumba ya Iyumbu, Dodoma. Usisaini kwanza. Waulize riba inapigwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu, au kwenye mkopo wote hadi mwisho? Chukua milioni 60 kwa miaka 15. Riba ya 16% kwenye salio, rejesho ni kama 881,000 kwa mwezi. Ile ya 15% ikipigwa kwenye mkopo wote, ni 1,083,000 na ushee! Hapo ndipo watu wanaumia.

Halafu ada. Mimi niliangalia riba tu. Siku ya malipo nikakuta ada ya mkopo imeshakatwa humohumo kwenye hela ya mkopo, na mthamini (anayekadiria thamani ya nyumba), mwanasheria, usajili wa rehani na bima vyote ni juu yangu. Muuzaji amekaa mbele yangu anasubiri hela yake kamili, mimi niko kwenye korido nampigia shemeji anikopeshe. Iliniuma sana.

Kila benki ikuandikie gharama zote kwenye karatasi, pamoja na faini ya kumaliza deni mapema. Na hati ya nyumba ihakikiwe ofisi ya ardhi kabla hujamlipa mthamini, maana hela yake hairudi.