Seva imehama, kompaila yanuna

*Assalaam aleikum, fundi. Nahamisha seva yangu ya ujumbe kutoka Linux kwenda FreeBSD, mfumo endeshi mwingine. Nikiandika make, inagomea laini ya ifeq kabla hata faili moja haijakompailiwa. — Kisauni*

Waaleikum salaam. Msimbo wako hauna hatia. Make ndiyo huiambia kompaila, programu ya kutafsiri msimbo kwenda lugha ya mashine, ijenge nini. Make ya FreeBSD si ile ya GNU uliyoizoea kwenye Linux, na ifeq, sharti la “vikiwa sawa”, haiijui. Andika `pkg install gmake` (pkg ni kisakinishi cha FreeBSD, gmake ndiyo make ya GNU), kisha tumia `gmake` kila ulipokuwa ukitumia make.

*Shikamoo fundi. Mimi nimepita hapo, sasa nina makosa zaidi ya mia. Nimeanza kuyarekebisha kutoka chini na yanazidi. — Tudor*

Marahaba, mwanangu. Nani alikutuma uanzie chini? Endesha gmake bila `-j` (ya kujenga faili nyingi kwa wakati mmoja), ili faili zisipigiane kelele, usome kosa la kwanza tu. Katika yale uliyonitumia, la kwanza ladai `struct sockaddr_in`, muundo wa anwani ya mtandao, haijakamilika. Mengi yaliyofuata ni watoto wake.

Sababu ni hii. Kwenye Linux ukiita `arpa/inet.h` (faili ya .h hubeba majina ambayo msimbo wako utatumia), huja na `netinet/in.h` mkono kwa mkono. FreeBSD ni kama harusi ya kadi: kila mmoja aalikwe kwa jina lake. Aliyeandika programu hiyo alisahau kadi moja na Linux ikamsitiri miaka yote. Juu ya faili yako weka `sys/types.h`, `sys/socket.h`, kisha `netinet/in.h`, kwa mpango huo. Ukikuta na `malloc.h`, ifute uweke `stdlib.h`, FreeBSD huikataa waziwazi na kukuambia hivyohivyo. Kompaili tena kabla ya kugusa kosa jingine lolote.

*Kompaila haioni sys/epoll.h. Rafiki yangu asema niikopi kutoka mashine ya Linux. — Likoni*

Rafiki yako akupe mahamri, ushauri wa epoll amwachie mwingine. Epoll ni njia ya Linux ya kungoja miunganisho mingi kwa pamoja, na faili ile ni orodha ya majina tu. Kazi yenyewe iko ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux. Ukiikopi, utalihamisha kosa kutoka kwa kompaila kwenda kwa linka, inayounganisha vipande vya programu.

FreeBSD ina kqueue ya kazi hiyohiyo, tangu toleo 4.1 la mwaka 2000, na macOS inayo pia. Badala ya `epoll_wait` utatumia `kevent`. Ila usibadilishe majina kwa upofu: epoll hukuruhusu kusajili kusoma na kuandika kwa pamoja, lakini kqueue hutaka `EVFILT_READ` na `EVFILT_WRITE` kila moja kivyake. Mimi ningeitoa sehemu hiyo yote kwenye faili yake, moja ya Linux na moja ya kqueue, Makefile (faili ya maagizo ya make) ichague. Kama seva ina wateja wachache, `poll` ya kawaida yatosha na hufanya kazi kote. Libevent nayo, maktaba inayoficha tofauti hizo, itakuondolea taabu yote, ukikubali kuitegemea.

*Nimeweka pcre2, maktaba ya kutafuta ruwaza za maandishi, kwa pkg, imekubali, lakini kompaila yasema pcre2.h haipo. — Mji wa Kale*

Ipo, kwenye `/usr/local/include`, na kompaila ya FreeBSD haiangalii huko isipoambiwa. Mwambie hivi:

`./configure CPPFLAGS=-I/usr/local/include LDFLAGS=-L/usr/local/lib`

Ukisahau hiyo ya pili, wiki ijayo utaniandikia kuhusu linka.