Tazama kura tatu za kwanza

Ukianza kusimamia jukwaa la majadiliano, wengi watakuambia uanze na watu: wakorofi, watukanaji, wanaorudia jambo lile lile kutwa nzima. Mimi nakuomba uanze na namna ukurasa unavyopanga maoni.

Kuna mjadala mmoja niliufuatilia dakika kwa dakika. Swali lilikuwa kama kikundi kibadilishe utaratibu wake wa kupitisha maamuzi. Mchangiaji wa kwanza alikataa kwa sentensi mbili. Akapata upesi kura tatu za wasomaji walioyapenda maoni yake, nayo yakapanda juu ya ukurasa na kubaki huko huko. Baadaye mwingine akaandika hoja ndefu ya kuunga mkono mabadiliko, yenye mifano mizuri. Ikazama, kuisoma ilibidi ubonyeze "onyesha zaidi". Jioni kila mtu alisema wengi wamekataa. Nikakaa nikahesabu mmoja mmoja. Walioandika kukubali ndio waliokuwa wengi.

Iliniuma, maana muhtasari uliosema "wengi wamekataa" niliuandika mimi.

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Muchnik, Aral na Taylor. Walichukua maoni yaliyotoka tu kuandikwa, wakayapa baadhi kura moja ya kupandisha bila kujali yanasema nini. Mwishowe maoni hayo yalikuwa na alama za juu zaidi kwa wastani wa asilimia 25. Kura moja tu! Kura ya kushusha haikufanya hivyo, kwa sababu wasomaji waliifidia. Kwa hiyo mkumbo unaopaswa kuuogopa zaidi ni wa sifa.

Basi ficha idadi ya kura saa za mwanzo. Reddit, mtandao wa majukwaa ya majadiliano, huwapa wasimamizi wake uwezo huo. Mjadala ukiwa mchanga, panga maoni kwa nasibu, ili aliyechelewa naye asomwe. Watakuja wa kulalamika kwamba hawaoni "kipi kinapendwa". Vumilia.

Tena wafikirie wanaoondoka kimya. Mtu akikuta msimamo umeshakaa juu na umejaa vidole gumba, mara nyingi hufunga ukurasa akaenda zake, na hakuna hesabu yoyote itakayokuonyesha kwamba alikuwa na neno la kusema. Wengine nimewaandikia faraghani kuwauliza, wakanijibu kwa aya tatu nzima.

Siku hizi nikiombwa muhtasari, napanga maoni kwa wakati, nayasoma yote hadi la mwisho, ndipo naandika neno "wengi".