Kabla ya kugombana na keateka juu ya mpira wa maji, pima maji kwanza

Dadangu uliyeuliza kuhusu ile notisi landilodi wako amebandika kwa geti, eti hakuna tena kunyunyizia shamba wala kuosha gari na mpira, maji ya nje ni Jumatano na Jumamosi jioni peke yake, mimi nimekuelewa kabisa. Unaona sukuma zako zikikauka hivi hivi. Sisi huku Umoja tuliwekewa sheria kama hiyo mwanzo wa 2017, ule wakati mvua ilikosa, maji ya bwawa la Ndakaini yakashuka na mgao wa maji ukaanza Nairobi, na nilikasirika vile umekasirika. Lakini usiende kwa keateka bado. Chukua mtungi wa lita 20 na simu yako.

Ingiza mpira kwa mtungi, fungua mfereji vile wewe hufungua siku zote, kisha uangalie saa. Wetu ulijaza mtungi kwa sekunde 70. Sasa mimi nilikuwa nasimama na huo mpira karibu nusu saa kila jioni huku napiga stori na mama wa nyumba ya pili, hiyo ni kama mitungi 25, lita 500 na kitu, kwa laini nne za sukuma na dania kidogo! Na siku mfereji ukikauka nilikuwa nanunua kwa wa mkokoteni mtungi shilingi 30. Yani ningemwagilia vile nilivyozoea ni 750 kwa jioni moja. Iliniuma sana, sikulala vizuri.

Sukuma haitaki maji kwa majani, inataka kwa mizizi. Nilikusanya chupa za soda za lita 2, nikatoboa kifuniko na sindano ya moto, tundu moja tu, nikakata kitako, nikafukia kila chupa kichwa chini katikati ya mashina mawili. Unajaza asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, maji yanashuka polepole yenyewe. Halafu juu ya udongo nikatandaza nyasi kavu na maganda ya mahindi, nene, kama kiganja hivi. Hii ya kutandaza ndio ilinishangaza kuliko zote, unaingiza kidole hadi kiungo cha pili saa nane mchana na huko chini bado kuna baridi na unyevu. Kama kuna unyevu simwagi, hata kama juu panaonekana vumbi tupu. Tulishuka hadi mitungi mitatu kwa siku, wakati mwingine miwili, na hiyo miwili si maji ya mfereji, ni ya kusuuza nguo na ya kuoshea mboga jikoni.

Hapo kwa maji ya nguo uwe makini. Yale ya kwanza yenye sabuni nzito enda nayo chooni, usiflashi na maji safi, na yakiwa na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yasiguse shamba kabisa. Ya kusuuza mara ya mwisho ndio unapeleka, unamwaga chini kwa shina, si kwa majani, na dania ya kuliwa mbichi ipe maji safi tu. Usiyalaze usiku kwa ndoo, yananuka na mbu wanazalia humo.

Sasa nikuambie kitu kimoja ambacho ndicho kimenifanya niandike yote haya. Baada ya sisi wote kuacha mpira, bili ya plot haikushuka vile tulitarajia. Tukaanza kulaumiana, ooh fulani anafua kila siku, ooh fulani ana wageni. Jumapili moja keateka akatuomba tufunge mifereji yote, tukaenda kuangalia mita, na ile gurudumu ndogo ya mita bado inazunguka. Tukaweka chai ya rangi kali kwa tenki ya kila choo, tukangoja nusu saa bila mtu kuflashi. Choo cha nyumba namba nne, bakuli likageuka kahawia. Raba ya chini ya tenki ya choo, ile inayozuia maji, ilikuwa imeisha, maji yalikuwa yanapita usiku na mchana bila sauti yoyote.

Shida ya pili ilikuwa juu. Angalia ukuta chini ya tenki ya paa, kama kuna mstari wa kijani wa ukungu unashuka, jua boli la tenki, lile linalofunga maji tenki ikijaa, limekufa. Kwetu maji ya mgao yalikuwa yanakuja saa saba usiku, tenki inajaa, halafu yanafurika kwa ukuta hadi asubuhi na sisi tumelala. Maji yametoka Murang'a huko Ndakaini, yakasafishwa Ng'ethu, yakapita Gigiri, yafike kwako yamwagike kwa ukuta, na mtaa wa pili kuna mama amepanga foleni na mitungi. Hiyo haikubaliki jamani.

Kwa hivyo ukienda kwa landilodi usiende kuomba mpira. Mwambie sheria yake ni sawa, lakini abadilishe boli na raba za vyoo, na aweke gata ya kukinga maji ya mvua na tenki kwa ile bati ya nyuma. Paa la mita 6 kwa 4, mvua ya milimita 20 ikinyesha, ni lita 480, hata zikipotea kidogo unabaki na kama 400. Mwage ile ya kwanza inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, na funika tenki. Mvua za Oktoba hadi Desemba zisikupate bila gata.

Wetu alikubali mara ya tatu, tulipomwonyesha bili mbili pamoja, ya kabla ya raba na ya baada. Hizo chupa weka leo, usingoje Jumatano.