Ganda la chikichi ni la mama, si la mtoto

Swali: Nina michikichi Simbo, Kigoma. Niliokota mbegu chini ya mti mmoja wa tenera (aina yenye ganda jembamba), nikachagua zenye ganda jembamba tu, nikaotesha. Sasa miti 40 imezaa: 21 ni dura (aina yenye ganda nene), 19 ni tenera. Nilisoma kwamba uwiano wa dura, tenera na pisifera (aina isiyo na ganda) ni 1:2:1. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, umemsahau baba. 1:2:1 hupatikana tenera ikikutana na tenera. Unene wa ganda unaongozwa na jeni moja, kama walivyoonyesha Beirnaert na Vanderweyen huko Kongo mwaka 1941. Tuite N ganda nene, b pasipo ganda: dura ni NN, tenera Nb, pisifera bb. Mti wako ungepata chavua ya tenera, ungekuwa na pisifera kama 10, ambazo mikungu yake mara nyingi huoza kabla ya kukomaa. Huna hata moja. Basi chavua ilitoka kwenye dura za kienyeji za jirani, na Nb kwa NN ni nusu kwa nusu. 21 kwa 19 ndiyo hiyo.

Kinachoniuma ni huko kuchagua kwa ganda. Kata chikichi kwa kisu uitazame: nyama yenye mawese na lile ganda gumu vyote ni mwili wa mti mama. Mtoto ni kiini kidogo kilichojificha ndani ya mise, ile mbegu iliyo ndani ya ganda. Tenera ikizaa chikichi elfu, zote zitakuwa na ganda jembamba, baba awe nani. Ni sawa na kutabiri sura ya mtoto kwa kutazama kanga aliyobebewa.

Halafu wapo wanaotembeza miche wakiapa kwamba tenera wanaijua kwa jani. Kwa macho, mche wa tenera na wa dura haitofautiani. Utasubiri miaka 3 au zaidi, umelima, umepalilia, ndipo kisu kikwambie ulichonunua.

Mbegu ya tenera hutengenezwa. Ua jike la dura hufungwa mfuko kabla ya kuchanua, kisha hupewa chavua ya pisifera. NN kwa bb, watoto wote ni Nb. Hapa Kigoma kazi hiyo inafanywa TARI Kihinga, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo. Muuzaji yeyote muulize mbegu ilizalishwa wapi na chavua ilikuwa ya mti gani. Akianza kukuonyesha majani, ondoka.